Mawe Tunayobeba Kichwani: Jinsi Sikio Linavyomzuia Kiumbe Asianguke

Ukila kichwa cha mbuta kule Dunga, kula bila haraka. Ukimaliza nyama ya mashavu na kuanza kufumua mifupa iliyo nyuma ya macho, jino litagonga kitu kigumu kuliko mfupa: kipande cheupe, laini kwa mguso kama kigae cha kaure. Wengi hukitema pamoja na miiba. Kioshe kwanza. Hilo ni jiwe. Ni chokaa, kemia ileile ya mawe yanayochimbwa Koru, na samaki amelijenga mwenyewe tabaka juu ya tabaka tangu alipokuwa mdogo kuliko omena. Wataalamu wa uvuvi hulikata, wakalitazama kwa hadubini na kuhesabu pete zake ili wajue umri wa samaki, kama seremala anavyohesabu pete za mti.

Jiwe hilo hukaa sikioni. Samaki hana sikio la nje, lakini ndani ya fuvu anayo mawili, na kila moja lina mawe matatu. Sehemu ya kazi ya mawe hayo ni kusikia. Kazi nyingine, ile ya kale zaidi, ni kumwambia samaki juu ni wapi na chini ni wapi. Maji ya Ghuba ya Winam yana tope, na usiku humo ni giza tupu. Mbuta anayewinda haoni uso wa maji wala sakafu ya ziwa, na bado haogelei tumbo juu. Jiwe linamwelekeza.

Wewe nawe unayo, ila yako yamesagika yakawa vumbi.

Mimi nililijua vumbi hilo kupitia mama mdogo wangu. Ni muuza samaki hapa Kisumu, mwanamke wa miaka sitini na kitu, aliyezoea kuamka saa kumi alfajiri miaka yote. Alfajiri moja aligeuka kitandani upande wa kulia, chumba kikaanza kuzunguka. Hakuhisi tu kichwa kuwa chepesi. Aliona ukuta ukikimbia. Alishika godoro kwa mikono miwili. Baada ya muda mfupi, pengine nusu dakika, kila kitu kikatulia. Alipojaribu kuketi kikaanza upya. Zahanati ya kwanza ilimpa dawa za malaria, ya pili ikampa za presha. Jirani akanong'ona kwamba amerushiwa kitu na mtu anayeionea wivu meza yake ya samaki. Wiki tatu mama mdogo alilala akiwa ameketi, mito mitatu mgongoni, akikiogopa kitanda chake mwenyewe. "Mwanangu," aliniambia, "nyumba yangu imekuwa mashua."

Hakuna dawa iliyomsaidia kwa sababu damu yake haikuwa na tatizo. Chokaa ilikuwa imehama chumba. Ili uhamaji huo ueleweke, inabidi tuingie sikioni.

Sikio tunalolijua, lile la kutoboa na kuvisha herini, ni mlango tu. Ndani yake kuna ngoma ya sikio, nyuma ya ngoma vifupa vitatu, na nyuma ya vifupa, katikati ya mfupa ulio mgumu kuliko yote ya fuvu, kuna pango dogo lenye vyumba na vichochoro. Waswahili wana neno zuri la mahali pa namna hiyo: mzingile. Sehemu moja ya mzingile huu imejikunja kama konokono. Hiyo ni ya kusikia, na leo tutaipita bila kuingia. Zilizobaki ni vifuko viwili na mifereji mitatu iliyopinda nusu duara. Duara la mfereji mmoja wa binadamu lina upana wa milimita sita au saba hivi. Ungeweza kulivika punje ya njegere.

Ndani ya vyumba vyote hivyo kuna aina moja ya mfanyakazi: seli yenye vinyweleo kichwani. Vinyweleo vikiinama upande mmoja, vilango vidogo hufunguka, potasiamu huingia, na seli huongeza idadi ya ishara inazotuma kwenye mshipa wa fahamu. Vikiinama upande wa pili, ishara hupungua. Hata ukiwa umetulia tuli seli hizo hazinyamazi kabisa, kwa hiyo ubongo husoma kuzidi na kupungua kwa pamoja. Vyumba vinatofautiana katika jambo moja tu: ni kitu gani kinachoinamisha vinyweleo.

Tuanze na vifuko. Fundi wa kujenga ana timazi, kile kitonge kizito kinachoning'inia kwenye uzi na kumwonyesha kama ukuta umesimama wima. Kila kifuko ni timazi. Chini kuna uga wa seli zenye vinyweleo, juu yake tandiko la ute mzito, na juu ya ute huo zimetandazwa fuwele za chokaa, maelfu kwa maelfu, kila moja ndogo mno hata jicho haliioni. Hili ndilo vumbi nililolitaja. Fuwele ni nzito kuliko majimaji yanayozizunguka. Ukiinamisha kichwa zinataka kuteremka, zinavuta ute, ute unavuta vinyweleo, na ubongo unajua umeinama upande gani na kwa kiasi gani. Kifuko kimoja kimelala na kingine kimesimama, kwa hiyo hakuna upande unaoviponyoka vyote viwili.

Timazi hii ina udhaifu mmoja, na mimi naona ndio unaofundisha kuliko uhodari wake. Matatu ikiondoka stendi ghafla, fuwele hubaki nyuma kidogo, kama abiria ambaye hajashika chuma anavyotupwa kuelekea viti vya nyuma. Kwa vinyweleo, kubaki nyuma huko ni sawasawa na kulazwa chali: vimeinama upande uleule. Jiwe peke yake haliwezi kutenganisha kuinama na kusukumwa. Rubani anayepaa usiku juu ya maji meusi, ndege ikizidi kushika kasi, huhisi kwamba pua ya ndege imeinuka mno hata kama haijainuka. Akiliamini sikio lake na kuisukuma pua ishuke, ataingia majini. Marubani wamekufa hivyo, na ndiyo maana hufundishwa kuamini vipimo vilivyo mbele yao kuliko miili yao.

Kuhusu mifereji, chukua karai la maji. Weka jani moja lielee juu yake, karibu na ukingo, kisha lizungushe karai polepole. Karai litazunguka na jani litabaki lilipokuwa, kwa sababu maji ni mazito kuanza mwendo. Endelea kulizungusha kwa kasi ileile. Baada ya muda maji yatalifuata karai, na jani litazunguka nalo. Sasa lishike karai lisimame ghafla. Karai limetulia, maji bado yanakwenda.

Hayo ndiyo yanayotokea kichwani. Kila mfereji umejaa majimaji, na mahali pamoja umevimba kidogo. Pale kwenye uvimbe pana pazia la ute lililoziba njia, na vinyweleo vimechomekwa ndani ya pazia hilo. Ukigeuza kichwa, mfereji unageuka nacho, majimaji yanachelewa, pazia linapinda, na ubongo unapata habari. Mfereji mmoja umelala karibu usawa wa sakafu, nao ndio hodari wa kugundua kichwa kinachotikiswa kwa kukataa. Miwili mingine imesimama kama kuta mbili zinazokutana kwenye pembe ya chumba, na kwa pamoja hugawana habari za kuitikia kwa kichwa na za kulaza sikio begani. Mifereji ya kulia na ya kushoto huenda jozi: ukigeukia kulia, mfereji uliolala wa kulia huongeza ishara na mwenzake wa kushoto hupunguza.

Watoto wanaocheza kwa kuzunguka uwanjani hadi waanguke wanafanya jaribio la karai bila karai. Mwanzoni wanahisi mzunguko. Wakizunguka kwa mwendo usiobadilika kwa nusu dakika hivi, majimaji yanakuwa yamewafikia na pazia limerudi wima. Wangefumba macho wasingejua kama bado wanazunguka. Wakisimama, majimaji yanaendelea mbele, pazia linapinda kinyume, na dunia nzima inakimbia upande wa pili. Mfereji haujui unazunguka. Unajua tu kwamba mzunguko umeanza, umezidi, umepungua au umekoma.

Zamani haya yote hayakujulikana, na sikio lote lilidhaniwa kuwa chombo cha kusikia. Katika miaka ya 1820, mjini Paris, Pierre Flourens alikata mifereji hiyo kwenye masikio ya njiwa. Njiwa waliendelea kusikia, lakini vichwa vyao viliyumba na miili ikazungukazunguka, na upande wa kuyumba ulilingana na mfereji uliokatwa. Ilichukua miaka mingi watu wakubali maana yake. Mwaka 1861 daktari Prosper Ménière, huko huko Paris, alishikilia kwamba kizunguzungu kikali chaweza kutoka sikioni, wakati wenzake walikuwa wakikihesabu kuwa maradhi ya ubongo, jamaa ya kifafa.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote ni la kamba. Kamba wa baharini ana kifuko cha usawa chenye mdomo wazi, na badala ya kujitengenezea mawe huokota chembe za mchanga na kuzitia humo. Anapojivua gamba, mchanga hupotea pamoja na gamba la zamani, kwa hiyo lazima aokote mwingine. Mwaka 1893 Alois Kreidl wa Vienna aliwaweka kamba waliojivua gamba kwenye chombo kisicho na mchanga ila vumbi la chuma. Wakalitia vumbi hilo vifukoni mwao, maskini, bila kujua tofauti. Kisha Kreidl akaleta sumaku. Alipoishikilia juu yao, kamba waligeuka wakaogelea migongo chini, kwa maana chuma kilivutwa juu na kwao upande chuma kinakoangukia ndio chini. Hakuna aliyeweza kubisha tena kwamba kiumbe huijua "chini" kwa jiwe.

Tena usawa haukuwekwa kwa ajili ya miguu peke yake. Kama unasoma haya kwenye simu, ishike mbele yako uitikise haraka kulia na kushoto. Maandishi yanavurugika. Sasa itulize simu, utikise kichwa kwa kasi ileile kama anayekataa. Unasoma vizuri. Mara zote mbili simu na kichwa vimepishana kwa kasi ileile; kilichobadilika ni kwamba kichwa kikitikisika, mifereji huyaambia macho moja kwa moja yageuke kinyume kwa kiasi hichohicho. Njia hiyo ina vituo vitatu tu vya neva, na amri hufika kwa takriban sehemu moja ya mia ya sekunde. Macho yenyewe yangesubiri kuona kwamba picha imehama, yangechelewa sana.

Anayetaka kuuona mtambo huo ukifanya kazi kwa nje, amtazame ndege. Nunua kuku Kibuye siku ya Jumapili, mshike kiwiliwili kwa mikono miwili, umpeleke juu, chini, kushoto, kulia. Mwili utakwenda na kichwa kitabaki hewani kana kwamba kimepigiliwa msumari. Macho ya ndege hayageuki sana ndani ya matundu yake, kwa hiyo shingo ndiyo inayofanya kazi ambayo kwetu hufanywa na macho, ikisaidiwa na sikio na kile ambacho jicho linaona. Kule Dunga utamkuta mdiria wa madoa meusi na meupe akipiga mabawa mahali pamoja juu ya maji, mwili unatetemeka wote, kichwa kimesimama tuli kinamlenga fulu. Mimi huweza kukaa hapo saa nzima nikimwangalia.

Na anayetaka kujua uzito wa kuupoteza mtambo huo amsikilize daktari mmoja wa Marekani aliyeandika habari zake mwaka 1952. Alitibiwa kwa streptomaisini, dawa ya kuua bakteria, nayo ikaua seli zake za usawa masikio yote mawili. Ili aweze kusoma kitandani ilimbidi akibane kichwa chake katikati ya vyuma vya kitanda, kwa sababu hata mapigo ya moyo wake yalikitikisa kichwa kiasi cha kufanya herufi ziruke. Kila mmoja wetu anatikiswa na moyo wake hivyo hivyo kila sekunde, na hatujui, kwa sababu sikio limeshasawazisha.

Naomba nisimame hapa kidogo, kwa sababu jambo hili linaniuma. Streptomaisini ina ndugu, na mmoja wao, jentamaisini, bado hudungwa watu wengi. Ni dawa nzuri inayookoa maisha, watoto wachanga wakiwemo. Lakini ikizidi, au ikitolewa kwa mtu mwenye figo dhaifu bila kupimwa, inaweza kuua seli zenye vinyweleo. Kuku akipoteza seli hizo huota nyingine. Hilo liligunduliwa katika miaka ya 1980 na liliwashangaza wengi. Binadamu akizipoteza hazirudi kwa kiasi cha kumfaa. Kwa hiyo sindano ya kuombea dirishani kwa duka la dawa, bila cheti na bila vipimo, si jambo la mchezo, na mtu anayetibiwa kwa dawa hizi akianza kuyumba au kusikia mvumo masikioni amwambie daktari siku hiyohiyo.

Turudi kwenye mawe. Nimesema jiwe peke yake hudanganyika, na mfereji peke yake husahau. Ubongo kwa hiyo hauhukumu kwa ushahidi wa sikio tu. Husikiliza pia macho, na husikiliza nyayo, misuli na viungo, vinavyoeleza mwili umeegemea wapi. Samaki hufanya hivyo pia: Erich von Holst, Mjerumani, alionyesha kwamba samaki akimulikwa kutoka ubavuni huinama kidogo kuelekea kwenye taa, kwa vile amezoea mwanga kutoka juu, lakini mawe yake humzuia asilale kabisa. Akiondolewa mawe hulala ubavu kufuata taa. Nasi tuna mapatano ya namna hiyo. Mzee anayetoka usiku kwenda chooni huwa amepoteza ushahidi wa macho; ikiwa kisukari kimezitia nyayo zake ganzi, amepoteza na wa miguu; limebaki sikio, nalo limezeeka. Taa ndogo ya sola pale mlangoni humrudishia shahidi mmoja.

Ndege nao huenda wana shahidi wa ziada. Ukienda Ziwa Nakuru ukawatazama heroe, ambao wengi wetu tunawaita flamingo, utaona wanakula mdomo ukiwa umepinduliwa, utosi chini. Timazi za kichwani wakati huo zinasoma dunia iliyopinduka, na mwili umesimama imara juu ya miguu mirefu kama ufito. Wapo watafiti wanaoamini kwamba ndege ana chombo cha pili cha usawa kwenye uti wa mgongo, karibu na nyonga, kinachoangalia kiwiliwili wakati kichwa kiko safarini. Na kusimama kwa mguu mmoja, jambo linalowavutia watalii wote, kumbe hakuhitaji nguvu nyingi: mwaka 2017 watafiti wawili wa Atlanta waligundua kwamba hata mwili wa heroe aliyekufa waweza kusimamishwa wima kwa mguu mmoja, viungo vikijifunga vyenyewe kwa uzito wa mwili.

Mifereji huacha alama hata baada ya kifo, kwa kuwa imechimbwa kwenye mfupa. Kisiwani Rusinga, mwaka 1948, Mary Leakey alipata fuvu la Proconsul, nyani wa kale asiye na mkia aliyeishi huku kwetu miaka milioni 18 hivi iliyopita. Leo mafuvu kama hayo hupigwa picha za eksirei tabaka kwa tabaka bila kuvunjwa, mifereji ikapimwa. Mnyama mwepesi anayeruka tawi kwa tawi huwa na mifereji mikubwa kwa kadiri ya mwili wake, na mnyama mzito wa mwendo huwa na midogo. Nyangumi, pamoja na ukubwa wake wote, ana mifereji midogo ajabu. Hivyo sikio lililokauka linaweza kutuambia jinsi mwenyewe alivyotembea.

Sasa panda matatu ya kutoka Kisumu kwenda Nakuru. Mpaka Ahero barabara imenyooka na kila mtu ni mzima. Ukishapita Awasi na kuanza kupanda kwenda Kericho, kona juu ya kona kati ya mashamba ya chai, yule aliyeinamia simu yake ndiye wa kwanza kuomba dirisha lifunguliwe. Macho yake yanaona kioo kisichosogea na yanaapa kwamba mwili umetulia. Masikio yanaapa kwamba mwili unarushwa kulia na kushoto. Kila shahidi anasema kweli ya pale alipo, na ubongo hauwezi kuwaamini wote wawili. Kwa nini ugomvi huo uishie tumboni? Michel Treisman alipendekeza mwaka 1977 kwamba katika maisha ya kale kitu kilichovuruga hisi namna hiyo kilikuwa sumu iliyoliwa, na dawa ya sumu ni kutapika. Ni dhana tu, lakini bado sijasoma inayoizidi.

Kwamba kosa liko sikioni, hilo halina shaka. Kuanzia miaka ya mwisho ya 1950, wanajeshi wa majini na wataalamu wa safari za anga wa Marekani walishirikiana na wanaume 11 viziwi wa chuo cha Gallaudet, wengi wao wakiwa wameharibikiwa masikio ya ndani na homa ya uti wa mgongo utotoni. Walipelekwa baharini penye mawimbi makubwa karibu na Nova Scotia. Watafiti walitapika, viziwi wale waliendelea kucheza karata. Dereva wa matatu naye hatapiki, ingawa masikio yake ni mazima: macho yake yako barabarani, na ubongo wake unaijua kona kabla haijafika. Basi kaa mbele, tazama mbali, na simu iache mfukoni mpaka mfike.

Mama mdogo hakuwa na mashahidi wanaogombana kwa sababu ya safari. Shahidi mmoja alikuwa anatoa habari ya jambo ambalo halikutokea. Fuwele hujibandua kutoka kwenye tandiko la kifuko kadiri mtu anavyozeeka, au akigongwa kichwa. Wanawake waliopita miaka hamsini ndio hupatwa zaidi. Zikidondoka mle mle kifukoni hazina neno. Lakini mtu akilala, zinaweza kuteleza zikaingia kwenye mfereji, mara nyingi ule wa nyuma ambao umekaa chini zaidi. Mfereji haukuumbwa kubeba mawe. Mtu akigeuka kitandani, fuwele huporomoka ndani yake, husukuma majimaji, pazia hupinda, na ubongo unaambiwa kwamba kichwa kinazunguka kwa kasi. Zikitua chini, kizunguzungu kinaisha. Ndiyo maana kilidumu nusu dakika, na ndiyo maana kilirudi kila alipogeuka.

Mtaalamu wa viungo aliyemtibu hakutumia dawa wala kifaa. Alimketisha kitandani, akamgeuza uso upande wa kulia, akamlaza haraka kichwa kikining'inia kidogo ukingoni, na kuyatazama macho. Macho yalikuwa yanaruka-ruka yenyewe, yakijizungusha. Hapo akajua ni sikio lipi na mfereji upi. Kisha akafanya mageuzi ambayo John Epley, daktari wa Marekani, aliyabuni kwa kufikiria mfereji umekaaje na vumbi lingeanguka wapi. Akasubiri macho yatulie. Akakigeuza kichwa upande wa kushoto, akasubiri. Akamviringisha mwili mzima alale ubavu, pua ikielekea sakafuni, akasubiri. Akamketisha. Kila hatua iliisogeza chokaa mbele kidogo ndani ya mfereji, mpaka ikamwagika kifukoni ilikotoka. Epley alipowaeleza wenzake mara ya kwanza, wengi hawakumwamini; lilionekana jambo jepesi mno. Siku hizi ndiyo tiba inayotumika duniani kote.

Ilichukua chini ya robo saa. Mama mdogo alilia, kwa woga kwanza, halafu kwa sababu nyingine.

Nisieleweke vibaya: si kila kizunguzungu ni cha vumbi. Kikija pamoja na ulimi mzito, mkono au mguu kulegea, kuona vitu viwiliviwili, au kushindwa kabisa kusimama, hicho chaweza kuwa kiharusi, na mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Mageuzi ya kichwa nayo hayafai kujaribiwa na jirani kwa mwenye shida ya shingo. Lakini kizunguzungu kinachokuja mtu anapojigeuza kitandani au anapoangalia juu ya kabati, kikadumu sekunde chache na kuisha, anayekipata aulize waziwazi: je, nimepimwa sikio?

Fuwele zilimhama tena mwaka uliofuata, kama zinavyofanya kwa wengi. Aliamka, ukuta ukakimbia. Safari hii hakushika godoro. Alilala kimya akiyahesabu yale mazungusho, akajua ni upande wa kushoto, akasubiri kuche, akampigia simu mtaalamu wake kabla hajaenda kununua samaki.